Mbona Mabulushi wameshika bunduki mara tano na Wasindhi wamebaki na maandamano?

#1 Kibatari
Wakuu salaam. Tangu ile treni ya Jaffar Express itekwe Machi 2025 kwenye milima ya Bolan nimekuwa nikisoma habari za Pakistan usiku usiku, na kuna jambo limenikwama. Kusini kuna majimbo mawili yaliyopakana, Balochistan na Sindh. Wote wana kilio kimoja, kwamba Islamabad, yaani serikali kuu, na jimbo kubwa la Punjab zinakula jasho lao. Lakini Mabulushi wameingia msituni 1948, wakaingia tena 1958, tena miaka ya 1960, tena 1973 hadi 1977, na hii ya sasa ilianza miaka ya 2000 na haina dalili ya kwisha. Wasindhi wana harakati ya kudai nchi yao, Sindhudesh, tangu 1972. Wanaandamana, wanafunga barabara, jioni wanarudi nyumbani kula. Tofauti imetoka wapi? Wajuvi karibuni.

#2 Mpiga Soga
Msitu gani mkuu? Balochistan ni mawe, vumbi na mawe mengine. Rekebisha hapo kwanza ndipo tuendelee. Nimekaa pale na kahawa yangu.

#3 Bandari Kongwe
Nilisoma Karachi miaka ya tisini, nitasema nilichokiona. Chanzo ni gesi. Gesi iligunduliwa Sui, huko Balochistan, mwaka 1952, kwenye ardhi ya kabila la Bugti. Miaka michache tu bomba limeshafika Karachi na baadaye Punjab. Quetta, makao makuu ya jimbo lenyewe, mji ambao baridi yake inapasua midomo, ilisubiri hadi miaka ya 1980. Hosteli nilikaa chumba kimoja na kijana wa Turbat, Mbulushi. Siku ya kwanza alipowashiwa jiko akakodoa macho akasema, "Hii ni yetu, lakini nimekuja kuonana nayo huku." Tulicheka. Leo nikikumbuka sicheki sana.

#4 Mwanasheria wa Mtaani
#3 kama ni gesi, mbona Sindh ndiyo inayotoa gesi nyingi kuliko jimbo lolote la Pakistan, na makaa ya mawe ya Thar juu yake, na hawajaenda popote? Gesi ni chumvi kwenye kidonda, kidonda chenyewe ni cha 1948. Waingereza walipoondoka, Kalat, dola ya Mabulushi, haikuwa wilaya ya mtu. Ilikuwa na Khan wake, yaani mtawala, Mir Ahmad Yar Khan, na Agosti 1947 ikatangaza uhuru. Ikawa na mabaraza mawili, yote yakakataa kuungana na Pakistan. Tarehe 27 Machi 1948 Khan akasaini. Ukiwauliza wao watakwambia alisaini akiwa amebanwa. Mdogo wake, Abdul Karim, akavuka na watu wake kwenda Afghanistan kuanza vita. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwenye hesabu ya mleta mada. Mwaka huo huo wakauza na bandari ya Gwadar.

Sindh ni habari nyingine kabisa. Sindh iliiomba Pakistan kwa mdomo wake. Azimio lilipita kwenye baraza lao mwaka 1943.

#5 Mie wa Maskati
Hapo kwenye Gwadar umeteleza shehe. Gwadar haikuuzwa 1948 na Mabulushi hawakuiuza. Ilikuwa ya Oman. Sultani wa Maskati aliiuza kwa Pakistan mwaka 1958 kwa pauni milioni 3, na Desemba mwaka huo bendera ikabadilishwa. Na nyinyi mnaotoka Unguja hii ni hadithi ya nyumbani: aliyepewa Gwadar na Khan wa Kalat miaka ya 1780 ni Sultan bin Ahmad, alikwenda kule kukimbia ugomvi wa kifamilia. Mwanawe ndiye Seyyid Said, yule wa mikarafuu. Mabulushi wanasema Khan alimpa mgeni mahali pa kukaa, si pa kumiliki. Waomani wanasema zawadi ni zawadi.

Hapa kazini kwangu nusu ya wenzangu ni al-Balushi. Hata baada ya kuuza, Oman iliendelea kuandikisha askari kutoka huko, na hao ndio waliokwenda kupigana Dhofar, kusini mwa Oman.

#6 Mwanasheria wa Mtaani
Nimekubali, 1958. Ahsante.

#7 Makadara Boy
Nyinyi watu wa bara mnaona ajabu, sisi Mombasa tuna Msikiti wa Mabulushi hapa hapa Makadara, na babu zao walilinda Ngome ya Yesu kwa mshahara wa sultani. Na hiyo biashara ya Gwadar inanikumbusha Mwambao wetu: ukanda wa maili kumi, mali ya Sultani wa Zanzibar kwenye karatasi, ukaingia Kenya 1963 na wenyewe hawakuulizwa. Mwasema Gwadar, mie naona...

#8 Msimamizi
Makadara Boy, Mwambao una uzi wake na ulifungwa kwa matusi. Turudi Pakistan tafadhali.

#9 Mpiga Soga
Hahaha, kakatwa katikati ya sentensi.

#10 Mchimbaji Mstaafu
Mimi ni mtu wa migodi, niongee ninachokijua. Kule wilaya ya Chagai, karibu na mpaka wa Iran, kuna shaba na dhahabu inaitwa Reko Diq. Mwekezaji ni Barrick, hao hao tunaowajua. Mgawanyo wao ni hivi: Barrick 50, kampuni za serikali kuu 25, jimbo la Balochistan 25. Sisi Tanzania kwenye Twiga, kampuni yetu ya ubia na Barrick, tulipata 16.

#11 Dada Sikitu
#10 kumbe Mabulushi wametupita! Na bado wanalalamika?

#12 Mchimbaji Mstaafu
Dada yangu, 25 imepata serikali ya jimbo. Mchunga mbuzi wa Chagai hajapata 25 ya kitu chochote. Hapo hapo Chagai ndipo Pakistan ilipolipulia mabomu yake ya nyuklia Mei 1998. Kwa hiyo mwenyeji wa pale amekwishaonja maendeleo ya kitaifa mara moja, usimshangae akiuliza maswali mara ya pili.

#13 Mzee Kibao
Shikamooni wote mlionizidi, wengine marahaba. Mnawasahau masadari. Kila kabila la Kibulushi lina sadari wake, na Waingereza waliwanenepesha makusudi: sadari anapewa posho, anatuliza watu wake, mambo yanakwenda. Pakistan ikarithi mchezo ule ule. Sasa sadari akikosana na serikali, kabila zima linapanda mlimani na bunduki. Huko Sindh wapo makabaila wenye mashamba makubwa, wanaitwa mawadera, lakini hao wanapanda bungeni. Kwa hiyo hizo vita tano ni ugomvi wa wakubwa na posho zao. Mtazameni Akbar Bugti, aliyekuwa mpigania uhuru maisha yake yote mpaka jeshi likamuua pangoni 2006.

#14 Bandari Kongwe
Mzee Kibao kwa heshima, Bugti maisha yake yote? Bugti alikuwa gavana wa Balochistan mwaka 1973, wakati jeshi linawapiga Mabulushi wenzake! Akaja kuwa waziri kiongozi wa jimbo mwishoni mwa miaka ya themanini. Aligeuka uzeeni. Mwaka 2005 daktari mwanamke alibakwa ndani ya eneo la mitambo ya gesi pale Sui, mtuhumiwa akawa ofisa wa jeshi, na serikali ikamkingia kifua. Mzee wa karibu miaka 80 akapanda mlimani. Agosti 26, 2006 wakamuua. Alipokuwa hai nusu ya Mabulushi hawakumpenda, alipokufa wote wakawa wanawe.

#15 Mzee Kibao
Sawa, nimekosea habari zake za awali. Lakini umenisaidia: aligombana na wakubwa, kabila likafuata. Si ndilo nililosema?

#16 Kijana wa Kozi
Hapana mzee, hiyo ilikuwa zamani. Wapiganaji wa sasa na waandamanaji wa sasa ni watoto wa walimu, madereva, makarani. Mahrang Baloch ni daktari wa hospitali, siyo binti wa sadari. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kawaida, alichukuliwa 2009, mwili ukapatikana 2011. Desemba 2023 aliongoza wanawake kutoka Turbat hadi Islamabad na picha za waume na watoto wao mkononi. Wakapokelewa kwa maji ya kuwasha... samahani, maji ya presha, mwezi wa baridi. Machi 2025 wakamkamata. Kabla yake alikuwepo Mama Qadeer...

#17 Dada Sikitu
Mama nani? Alikuwa mwanamke?

#18 Kijana wa Kozi
Mwanamume. Kibulushi "mama" ni mjomba. Mwanawe aliuawa 2011. Mzee yule akatembea kwa miguu kutoka Quetta hadi Karachi, kisha Islamabad, zaidi ya kilomita 2,000, 2013 kuingia 2014. Hakupata hata waziri wa kumsikiliza vizuri.

#19 Mpiga Soga
Na hao wanaochukua watu kule, wanajulikana?

#20 Msimamizi
Mpiga Soga, nimekuona.

#21 Mpiga Soga
Nimeuliza tu jamani 😂

#22 Bandari Kongwe
Kule wenyewe hawasemi "waliopotea" bila kukunja uso, maana mtu hajipotezi. Tume ya serikali iliundwa 2011 na imepokea kesi zaidi ya 10,000 nchi nzima, zikiwemo za Wasindhi na Wapashtuni. Serikali inajibu kwamba wengine wako mlimani na bunduki. Basi wapelekeni mahakamani hao mlionao! Hata kuzungumza ni hatari. Aprili 2015 Sabeen Mahmud, mama wa mkahawa wa vitabu na mijadala pale Karachi, aliandaa mazungumzo kuhusu Balochistan. Alipigwa risasi usiku ule ule akirudi nyumbani. Mahakama iliwatia hatiani watu wa kundi la dini, lakini Karachi utapata watu wasioamini hadi leo.

#23 Fundi Cherehani
Samahani niingilie, maana naona huruma imeelekea upande mmoja. Agosti 2024 kule Musakhail wapiganaji walisimamisha mabasi na malori, wakakagua vitambulisho, waliotoka Punjab wakashushwa wakapigwa risasi. Watu 23. Madereva na vibarua! Huyo kibarua ameiba gesi ya nani? Mimi ni fundi, nimefanya kazi ugenini nchi tatu, na kila nikisoma habari ile najiona mimi kwenye lile basi na kitambulisho changu mkononi. Nimewahi kushushwa kwenye basi mpakani kwa sababu ya jina langu, nikakaa chini ya mti saa sita. Nilirudi salama, lakini ile hofu naijua.

#24 Kijana wa Kozi
#23 sina la kukupinga kwa hilo. Mahrang mwenyewe hubeba picha, habebi bunduki, ndiyo maana nimemtaja yeye.

#25 Fundi Cherehani
Sawa kijana.

#26 Kibatari
Wakuu mmenifundisha mengi ila Wasindhi mmewaacha kabisa. Swali lilikuwa na pande mbili.

#27 Mwanasheria wa Mtaani
Haya, Wasindhi. Kwanza tusiseme hawajawahi. Wafuasi wa kiongozi wa dini Pir Pagaro, wale Hur, waliwasumbua Waingereza mpaka pir akanyongwa Machi 1943. Na 1983, katika kumpinga mtawala wa kijeshi, Jenerali Zia, Sindh ya ndani iliwaka hasa, Dadu, Nawabshah, jeshi likaingia vijijini. Hata leo kuna kikundi kidogo cha silaha, serikali ilikipiga marufuku 2020.

Ila sababu kubwa ya utulivu wao ni moja: wana chama. Cha Bhutto. Msindhi akikasirika ana mahali pa kuipeleka kura yake, na mara kadhaa imemfikisha ikulu. Bhutto, bintiye Benazir, sasa mkwewe Zardari. Mbulushi akikasirika anampigia nani?

#28 Bandari Kongwe
Na humo ndimo kuna kichekesho kichungu. Aliyeivunja serikali ya Mabulushi ya Ataullah Mengal Februari 1973 na kupeleka jeshi ni nani? Bhutto, Msindhi! Shah wa Iran akamsaidia na helikopta, maana naye ana Mabulushi wake upande wa pili na hakutaka waanze kuota. Halafu jeshi lile lile likampindua Bhutto 1977 na kumnyonga Rawalpindi 1979.

Benazir naye akauawa Rawalpindi Desemba 2007. Sindh ikawaka siku tatu, treni, benki, kila kitu, na watu wakipiga kelele hawaitaki Pakistan. Mumewe Zardari akapanda jukwaani akasema "Pakistan khappay". Kisindhi maana yake "Pakistan tunaihitaji". Wenye Kiurdu wengine walishtuka, kwao linasikika kama "imalizwe".

#29 Mie wa Maskati
Tena Zardari ni jina la kabila la Kibulushi. Na Matalpur waliotawala Sindh hadi Mwingereza alipoingia 1843 walikuwa Mabulushi. Kwa hiyo huu mstari wenu wa Mbulushi huku na Msindhi kule, mkifika Sindh yenyewe hamtauona vizuri.

#30 Mzee Kibao
Ndiyo tabu ya kuchora watu kwa rula.

#31 Mkulima wa Mbarali
Mimi naona mnazunguka. Sindh ni mto. Mtu mwenye mto hapandi mlimani, anakaa na kulinda mfereji wake. Balochistan ni asilimia 44 ya ardhi ya Pakistan na watu hawafiki milioni 15 katika zaidi ya 240, unaweza kujificha mwaka mzima usionane na mtu. Sindh ni tambarare, watu zaidi ya milioni 55, utajificha wapi, ndani ya miwa? Jiografia tu.

Na ugomvi wa Msindhi ni wa mtu wa chini ya mto na mtu wa juu ya mto. Mimi nalima mpunga, huo ugomvi naujua hadi usingizini. Anayefungulia maji kwanza hushiba kwanza. Punjab iko juu. Makubaliano ya 1991 yaligawa maji kwenye karatasi, lakini chini ya banio la Kotri kuna misimu mto haufiki baharini wenye nguvu, bahari inapanda badala yake, mashamba ya Thatta na Badin yanageuka chumvi. Mwaka 2025 wakataka kuchimba mifereji mipya sita, mmoja wa kupeleka maji jangwa la Cholistan huko Punjab. Wanasheria wa Sindh wakakaa barabarani pale Babarloi, malori yakasimama siku na siku, na tarehe 28 Aprili mradi ukarudishwa. Bila risasi ya mwanasheria hata mmoja! Sasa niambieni nani mjanja.

#32 Mwanasheria wa Mtaani
Wanasheria oyeee!

#33 Kijana wa Kozi
#31 ila kumbuka wiki ile ile India ilisimamisha mkataba wa maji ya mto Indus. Serikali ilikuwa inahitaji umoja haraka. Sijui kama barabara peke yake ingetosha.

#34 Mkulima wa Mbarali
Inawezekana. Mimi nahesabu maji yaliyobaki mtoni.

#35 Bandari Kongwe
Kuna jingine #31 umeliruka: Karachi. Baada ya 1947 wakimbizi wa Kiislamu kutoka India, Muhajir, walimiminika hadi wakawa wengi mjini. Karachi ikakatwa kutoka Sindh 1948 iwe mji mkuu wa nchi. Julai 1972 Sindh ilipopitisha sheria ya Kisindhi kuwa lugha rasmi, Karachi ilichafuka, watu wakafa. Msindhi anaogopa kugeuka mgeni kwao, na akijitenga kwa bunduki, Karachi itafuata au itajitenga naye? Hesabu hiyo inamrudisha kwenye kura kila mara. G.M. Syed mwenyewe, baba wa Sindhudesh, ndiye aliyepeleka lile azimio la 1943 la kuiunga mkono Pakistan. Akalijutia nusu karne. Alifariki Aprili 1995 akiwa kizuizini, mtu wa miaka 91. Nilikuwa Karachi.

#36 Dada Sikitu
Subiri, aliyeiomba Pakistan ndiye aliyekuja kuikataa?

#37 Bandari Kongwe
Ndiye.

#38 Jicho la Tatu
Mbona hakuna anayetaja India? Jasusi wao Kulbhushan Jadhav alikamatwa Balochistan Machi 2016, na Agosti mwaka huo Modi akaitaja Balochistan kwenye hotuba ya uhuru. Amkeni.

#39 Mwanasheria wa Mtaani
India inasema ni afisa mstaafu aliyetekwa Iran. Lakini hata tukikupa hoja yako, 1948 India ilikuwa na umri wa miezi saba. Nani aliwachochea wakati ule?

#40 Jicho la Tatu
Nitarudi na majibu.

#41 Mie wa Maskati
Akiwa hajarudi niongeze moja. Wavuvi wa Gwadar waliokaa barabarani zaidi ya mwezi mwishoni mwa 2021, pamoja na maji ya kunywa na vizuizi vya askari, walikuwa wanalalamikia meli za kukokota nyavu zinazowamalizia samaki. Mchina? Hapana, nyingi zinatoka Sindh. Mwenzangu wa Gwadar hapa nikimwambia Wasindhi nao wanaonewa, anajibu, "Waambie warudishe samaki."

#42 Makadara Boy
Nimeruhusiwa kurudi? Sitaji Mwambao. Nataja Hoshu Sheedi. Huko Sindh na Makran, pwani ya Mabulushi, kuna watu weusi wanaitwa Masheedi, wengi asili yao ni pwani hii, walipelekwa kwa majahazi ya watumwa. Hoshu alikuwa jemadari wa Matalpur, akafa vitani Dubbo Machi 1843 akipigana na jeshi la Charles Napier. Kauli yake ndiyo Wasindhi wote wanayopiga hadi leo kwenye maandamano, hata ya hiyo mifereji: tutakufa, Sindh hatuitoi. Watu wazima na tai zao wanapiga kelele maneno ya mjukuu wa mtumwa wa kwetu. Ngoma yao kubwa inaitwa mugarman, na kule Makran wanacheza lewa, nyimbo zina Kiswahili kilichovunjikavunjika.

#43 Dada Sikitu
Aisee. Na wao Masheedi wamepata nini kwenye hiyo Sindh wasiyoitoa?

#44 Makadara Boy
Tanzeela Qambrani aliingia baraza la Sindh 2018, mwanamke wa kwanza wa Kisheedi. Asili yake anasema ni Tanzania. Miaka 175 baada ya Hoshu. Piga hesabu mwenyewe.

#45 Chotara wa Rujewa
Nimekuwa nasoma kimya tangu #1. Sisi ni Mabulushi wa Rujewa, hapa hapa Tanzania, tuko wachache siku hizi. Usiku huu nimempigia bibi, nikamuuliza baba yake alitoka Makran ya upande gani, wa Iran au wa Pakistan. Akauliza, "Upande? Makran ina upande?" Nikamweleza kuhusu mpaka. Akasema baba yake alikuwa anataja kisima na mtende, mpaka hakuwahi kuutaja. Nikamuuliza kuhusu hivyo vita vitano. Akaniuliza kama nimekula.

#46 Mpiga Soga
Umekula?

#47 Chotara wa Rujewa
Wali maharage.

#48 Kibatari
Jicho la Tatu, bado tunakusubiri.